Kitambaa Cheupe cha Tandamaji

Afikaye Tandamaji haulizwi alipita njia gani. Huko kila mtu kaletwa na maji, na maji hayana maelezo. Mgeni huulizwa jambo moja tu, tena kabla ya salamu: "Rangi yako ipi?"

Bi Mize binti Kombo aliulizwa hivyo mlangoni na mzee mmoja wa rangi ya buluu iliyochanganyika na kijani, mwenye kuteleza mwili mzima kama jiwe la kisimani. Jina lake lilikuwa Kale. Bi Mize alikuwa mjane, amezoea watu wamuulize habari za marehemu kabla ya kumuuliza zake. Alilivuta vizuri buibui lake, akasema, "Mimi mja wa Mungu, baba. Rangi yangu ndiyo hiyo unayoiona."

"Naiona," akasema Kale. "Lakini hapa kuonekana hakutoshi. Lazima ujadiliwe."

Akajadiliwa na Baraza. Baada ya mashauri marefu aliandikwa Kahawia wa Nchi Kavu, halafu akapelekwa kulala kwa Wekundu. Sababu ni kwamba nyumba za Kahawia huanzia mwambani zikapanda mpaka karibu na uso wa maji, na kitanda kiko juu kabisa. Mwenye nyumba hupanda kwa vibofu vya hewa vilivyoota mwilini mwake. Bi Mize hakuwa na vibofu.

Kale ndiye aliyemsindikiza, na njiani akamweleza nchi ilivyo. Juu, kwenye Maji Mafupi, wanakaa Wakijani, na jua lao ni sawasawa na la uani kwetu. Hao ni ndugu wa mbali wa miti ya nchi kavu, na hawakuachi usahau. Ukikaa nao kidogo tu utasikia, "Binamu yetu mkorosho," au "Sisi na mchikichi tumetoka tumbo moja." Hata akiba wanaweka wanga, kama muhogo. Chini yao kidogo, panapopiga mawimbi, wako Wakahawia, warefu kupita kiasi. Wanaung'ang'ania mwamba kwa kitu mfano wa mzizi, ila mzizi ule haunywi wala haulishi. Kazi yake ni kushika tu. Na chini kabisa, kwenye giza, wako Wekundu.

"Na nyinyi wa buluu?" akauliza Bi Mize.

Kale akacheka. "Sisi tulikuwako kabla ya wote. Pumzi hii wanayovuta, ndani ya maji na nje ya maji, wazee wangu ndio walioanza kuitoa. Lakini sheria inasema mtu wa Tandamaji lazima awe na chumba cha ndani mwilini mwake, chenye mlango, anamofungia siri za ukoo. Sisi hatuna chumba. Siri zetu ziko sebuleni, zimetawanyika tu. Basi wakasema sisi si wenzao, wakatupa kazi ya kufungua milango."

"Na pumzi yenu wanaendelea kuivuta?"

"Wanaivuta huku wakinikadiria, mama."

Bi Mize akatikisa kichwa, akamwachia Mungu.

Nyumba aliyopelekwa ilikuwa ya mama mmoja, Bi Telezi, na binti yake Marijani. Mwanga uliofika huko ulikuwa umechujwa na maji hata ukabaki ubuluu mtupu, kama wa ndani ya chupa. Wenyeji wake walikuwa wembamba, laini, wenye pindo kama za kitambaa cha hariri, na wekundu wao humo ndani ulionekana karibu na weusi.

"Karibu, dada," akasema Bi Telezi. "Usiliogope giza letu, halina ubaya."

"Starehe, dada. Nashangaa tu mnapikaje. Jua lenyewe halifiki."

Marijani ndiye aliyemjibu, kwa furaha ya msichana aliyepata mtu asiyejua. "Bibi, kila mtu wa nchi hii ana kijani ndani. Kijani ndicho jiko. Huko juu mwanga ni mwingi, unaingia jikoni wenyewe. Huku chini kuni za mwanga ni chache, basi Mungu akatupa wekundu uwe mikono ya kuziokotea. Wekundu unaokota, kijani kinapika. Na Wakahawia nao vivyo hivyo, wana mikono ya rangi yao."

"Kumbe ndani nyote wamoja!"

"Ndani ndiyo, bibi. Lakini Baraza halikai ndani."

Bi Telezi alimtazama binti yake, halafu akageuza uso. Bi Mize, mtu wa kuangalia kuliko kusema, akaona. Walipobaki wawili akauliza kwa upole, "Dada, mna msiba humu?"

"Umepita mmoja," akasema Bi Telezi. "Na mwingine ni kesho."

Kesho Marijani alikuwa anapelekwa kwenye Kitambaa. Kila kijana wa Tandamaji akifikia umri hulazwa juu ya kitambaa cheupe, kwenye mwamba uliotokeza nje ya maji, jua la utosi, ili Wakadiri waamue yeye ni wa rangi gani na akae wapi maisha yake yote. Hafunikwi na kitu, ili asiseme mtu kwamba alifichwa. Wala hakuna kuondoka mpaka Wakadiri wote waridhike.

"Sheria hii ilitungwa kwa huruma," akasema Bi Telezi. "Zamani walikuwa wakikadiria upesi upesi, huku huku chini. Mkadiri mmoja alishuka, akatupa jicho mara moja, akaona watu weusi. Akasema hawa si wetu, akafukuza mji mzima. Kumbe ni Wekundu, giza tu. Walipojua, waliona haya mpaka wakalia. Wakaapa: hatakadiriwa mtu gizani tena, wala kwa haraka."

"Basi si vizuri hivyo?"

"Vizuri sana. Ila dada, wewe hujawahi kuanika kanga nyekundu ukaisahau juani?"

Bi Mize akaitikia kwa kichwa. Kanga alikuwa ameanika.

"Binti yangu wa kwanza, Akiki, alipanda juu mwekundu kama komamanga. Wakamlaza. Wakajadiliana. Ni waungwana wale, hawamwonei mtu. Kila mmoja lazima aseme, na mwenzake lazima amjibu. Jua likawa linakula ule wekundu. Mikono ya kuokotea ikaungua, likabaki jiko. Alasiri wakainama wakatazama, wakaona kijani. Wakampongeza! Wakampeleka Maji Mafupi."

"Na yeye asirudi?"

"Arudi na nini? Watoto wa Kijani na wa Kahawia huzaliwa na mikia, wakaogelea wanakotaka. Mwekundu tangu mbegu mpaka kufa hana mkia. Maji yakimchukua anakwenda, yasipomchukua anabaki. Akiki alibaki. Akawa manjano, akawa mweupe. Halafu nikaletewa salamu za pole, zimeandikwa vizuri."

"Hamkuwaambia?"

"Tuliwaambia. Wakasema jambo hili zito, linataka kujadiliwa zaidi. Si wabaya, dada. Laiti wangekuwa wabaya, wangeamua upesi."

*

Kesho yake wakapanda wote watatu mpaka mwambani. Kitambaa kilikuwa kimetandikwa, cheupe pe, na ukikitazama machozi yanakutoka. Wakadiri walikuwa watatu.

Mkubwa wao aliitwa Bwana Taratibu. Alikuwa Mkijani wa makamo, wa rangi hafifu, amevaa joho refu la kazi lililomfunika mpaka vidoleni. Wa pili, Bwana Kimo, alikuwa Mkahawia. Ndani ya maji alikuwa mrefu kuliko mnara, lakini Mkahawia akitolewa nje ya maji hana uti wa kumsimamisha, kwa hiyo mheshimiwa alikuwa amelala chali juu ya meza yote, sehemu nyingine ya mwili ikining'inia pembeni. Wa tatu alikuwa Karani Kijaluba, mtu mdogo sana aliyekaa ndani ya kisanduku cha kioo chenye kifuniko na nakshi nzuri ajabu. Hao watu wa vioo wana desturi yao ya mirathi: mtu akigawanyika, mtoto mmoja hupewa kifuniko na mwingine hupewa kikopo, na kila mmoja hujitengenezea nusu ya pili iingie ndani ya ile aliyorithi. Kwa hiyo anayerithi kikopo hupata nyumba ndogo kuliko ya mzazi. Babu zake Kijaluba walikaa kwenye majumba. Yeye magoti yalimfika kidevuni, na bado aliusifu ukoo.

"Mleteni," akasema Bwana Taratibu, kwa sauti ya baba. "Usiogope, mwanangu. Hapa hatuna haraka na wewe."

Marijani akalala, kichwa upande wa magharibi, miguu upande wa mashariki, kama sheria itakavyo. Kwenye mwanga ule ndiyo mara ya kwanza Bi Mize kumwona hasa: mwekundu wa kung'aa, mpaka ncha za vidole.

"Naona mwekundu," akasema Karani Kijaluba.

"Unaona," akasema Bwana Kimo kutoka mezani. "Lakini wekundu ni nini? Tuanzie hapo."

"Tuanzie hapo," akakubali Bwana Taratibu.

Wakaanzia hapo. Bwana Kimo akakumbusha kesi ya tarishi mwenye jicho jekundu na mkia, ambaye kwenye jua hupika kama mmea na gizani humeza chakula kama mnyama. Kesi yake ilianza enzi za bibi yake na bado iko mezani, kwa hiyo hekima ni kwenda pole. Bi Telezi alikuwa ameng'ang'ania mkono wa Bi Mize. Kwenye paji la uso la binti palianza kuonekana kitu kama kutu.

Bi Telezi hakuweza kuvumilia. Akaenda kumsimamia mwanawe kichwani amkinge. Lakini Wekundu wa ukoo ule ni wembamba, jua likampita mwilini kama linavyopita kwenye kioo, kivuli chake kikawa cha waridi, hakizuii kitu. Na yeye mwenyewe akaanza kuchomeka mabegani.

"Toka, dada," akasema Bi Mize. "Toka wewe. Mimi ni mnene."

Akasimama pale, upande wa magharibi wa kichwa cha Marijani. Jua lilikuwa limepinduka kidogo tu kutoka utosini, na kivuli chake kilikuwa kidogo kama sahani. Kilitosha uso. Msichana akafumbua macho.

"Bi Mgeni," akasema Bwana Taratibu, "hairuhusiwi kumfunika anayekadiriwa."

"Sijamfunika, bwana. Nimesimama tu."

"Kivuli chako kimemfunika."

"Hicho nacho ni changu? Mimi sikukiumba."

Wakadiri wakatazamana. Karani Kijaluba akasoma sheria: *Asifunikwe kwa nguo, wala kwa jani, wala kwa mkono.* Akasoma tena. Kivuli hakikuwamo.

"Tumwondoe," akasema, "halafu tujadili."

"Kumwondoa kwanza ndiyo kuamua kabla ya kujadili," akasema Bwana Kimo. "Ndiyo haraka yenyewe iliyotutia aibu. Mimi nataka kujua: kivuli ni kitu, au ni pahali pasipo kitu? Kama ni kitu, ni cha nani? Kikiwa cha jua, basi jua ndilo linalomkadiria, na sheria imetimia."

"Hoja nzito," akasema Bwana Taratibu.

"Nzito mno," akasema Kijaluba, akajikunyata vizuri kwenye kioo chake.

Wakaingia humo. Bi Mize akasimama.

Wakati wa adhuhuri ulikuwa umeingia. Bi Mize tangu utoto alijua wakati wa sala kwa kivuli, na sasa alikuwa na kivuli miguuni pake kinamwambia. Hakuwahi kuichelewesha adhuhuri kwa kupenda. Moyo ukamsukuma ashuke kwenye maji atawadhe. Lakini akienda, uso wa mtoto utabaki juani. Na hata akiswali pale pale, akirukuu kivuli kitarukuu naye, akisujudu kitasujudu. Akasimama akiwaza. Kisha akakumbuka kuwa yeye ni msafiri, na msafiri kapewa ruhusa ya kuisogeza adhuhuri akaiswali pamoja na alasiri. Alikuwa akiisikia tu ruhusa ile, hakuwahi kuihitaji. Akaweka nia moyoni, akaanza kumtaja Mungu kwa vifundo vya vidole.

Jua likateremka magharibi. Kila lilipoteremka, kivuli chake kikajinyoosha mashariki: kikavuka shingo ya Marijani, kikafika mabegani, kifuani. Wakadiri walikuwa wamefika kwenye swali la kama kivuli cha mgeni ni kigeni. Magoti ya Bi Mize yalikuwa yakiwaka moto. Kale, aliyekuwa amekaa mlangoni pa mwamba, akamwita, "Mama! Umekuwa mnazi?"

"Mnazi hauumwi kiuno, baba!"

"Nikuletee nini?"

"Niombee dua."

"Sina chumba cha kuwekea dua."

"Iweke hapo hapo sebuleni, Mungu ataiona."

Mzee akacheka mpaka akateleza. Bi Telezi naye, ambaye uso wake ulikuwa umekauka kwa hofu, akacheka kidogo, akajishika mdomo kwa haya.

Kivuli kikafika magotini kwa Marijani. Kikafika nyayoni. Wakati huo Wakadiri walikuwa wameafikiana kwamba kivuli kiundiwe kamati, na Bwana Taratibu akashuka kwenye kiti aje kutoa uamuzi wa rangi. Akainama juu ya kitambaa, akabaki ameinama muda mrefu.

Uso, shingo na mabega ya msichana vilikuwa vyekundu, isipokuwa ile kutu ya kwenye paji. Kuanzia kifuani kwenda chini palikuwa na madoa ya kutu, kisha manjano. Na miguu, iliyokaa juani kuliko pote, ilikuwa ya kijani kabisa.

"Rangi mbili!" akasema Karani Kijaluba, sauti imepanda. "Sina pahali pa kuandika rangi mbili!"

"Kichwa kiende chini na miguu ibaki juu," akasema Bwana Kimo. Hakuwa na nia mbaya. Urefu wake ulikuwa umemzoesha kukaa mahali pawili kwa wakati mmoja. "Ukiwa na kimo cha kutosha inawezekana."

Bi Telezi alitoka mbele. Hakupiga kelele. "Waheshimiwa, mtoto wangu hana rangi mbili. Ana rangi moja, na jua."

Bwana Taratibu aliutazama mguu wa kijani, akautazama uso mwekundu, akaona mahali rangi moja inapomalizikia kwenye nyingine, palepale kivuli kilipokuwa kikisogea. Halafu taratibu, kama mtu anayefungua bandeji, akaipandisha mikono ya joho lake. Viganja vyake na vidole vilikuwa kijani hafifu, kama Mkijani yeyote. Kifundoni pakaanza manjano. Na juu huko, karibu na kwapa, ambako joho halijapata kuondoka tangu alipovishwa, palikuwa pameota tena wekundu kama wa ndani ya pera.

Bwana Kimo aligeuza uso, na mwili wake ukageuka nao meza nzima. Kijaluba akafunga kifuniko.

"Na mimi nililala hapa," akasema Bwana Taratibu, si kwa mtu yeyote. "Wakadiri wangu walikuwa watu wema mno. Walinijadili mpaka jua likazama."

Bi Mize akamwonea huruma kuliko alivyotarajia. Akaendelea kusimama.

"Andika: Mwekundu," akasema Bwana Taratibu. "Ashuke na mama yake leo hii, kabla maji hayajageuka."

"Kwa ushahidi gani, mkubwa?" Sauti ya Kijaluba ilitoka ndani ya kioo.

"Ushahidi wa mahali jua lisipofika."

Bi Telezi alikwishamzoa mwanawe mikononi. Alisimama mbele ya Mkadiri, na watu wote wakajua anamfikiria nani. Bwana Taratibu naye alijua.

"Akiki," akasema. "Nilimpongeza kwa mkono wangu."

"Ulimpongeza," akasema Bi Telezi. Hakumsamehe pale, wala hakumlaani. Akamgeukia Bi Mize, akambusu mabega yote mawili, akaingia majini na binti yake. Maji yakawachukua, na miguu ile ya kijani ndiyo iliyokuwa ya mwisho kuonekana. Wakubwa wa huko husema Mwekundu akirudi kwenye giza lake mapema, mikono ya kuokotea huota upya.

Bi Mize alitaka kuketi. Lakini kule chini ya ngazi za mwamba alikuwa amekwishaletwa kijana mwingine, mwembamba, mwenye pindo za hariri, anatetemeka. Na sheria ilikuwa ile ile, maana Tandamaji sheria haibadilishwi mpaka ijadiliwe. Akajaribu kuunyoosha mguu, ukakataa. Kivuli chake kilikuwa kimekwishalingana na urefu wake. Alasiri imeingia, na ana sala mbili mkononi.

Bwana Taratibu aliona anavyotazama kivuli, kisha anavyotazama maji.

"Una ahadi na mtu, Bi Mgeni?"

"Na Mola wangu, bwana. Nimemchelewesha kwa ruhusa yake, lakini si zaidi ya hapa."

"Basi nenda," akasema. Akaja akasimama pale pale aliposimama yeye, akalikunjua joho lake pande zote mbili, na kivuli kikubwa kikaanguka juu ya kitambaa, kipana kuliko cha Bi Mize. "Mlazeni huyo kijana hapa."

Bi Mize akajikokota mpaka majini, akatawadha, akaswali adhuhuri rakaa mbili na alasiri rakaa mbili, sala ya msafiri. Alipotoa salamu upande wa kulia akamwona Mkadiri Mkuu bado amesimama, mikono imetanuka, jasho linamtoka, na yule kijana amelala ndani ya kivuli kama aliyelala kwao.

"Mkubwa," Karani Kijaluba akafunua kifuniko kidogo, akauliza, "na hapa niandike nini?"

"Andika kwamba tunajadili," akasema Bwana Taratibu. "Tena usituharakishe."